Mbona Nimelipa na Hujanikanda?

Wiki iliyopita fundi mmoja wa rangi kutoka Kondele alishuka kitandani hapa kliniki, akavaa shati polepole kwa mkono mmoja, kisha akaniuliza bila kuficha hasira: "Daktari, mbona nimelipa na hujanikanda?" Mimi si daktari, ni fizio, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi, lakini Kisumu hii ukivaa koti jeupe jina hilo hulikimbii. Nilikuwa nimekaa naye dakika 40, nikampima, nikaandika, nikampima tena. Chupa ya mafuta haikufunguliwa.

Si yeye wa kwanza kuuliza, kwa hiyo leo nijibu mara moja kwa wote.

Mabega ndiyo yanayotuletea watu wengi zaidi. Kuna wavuvi wa Dunga wanaovuta nyavu, akina mama wa Kibuye wanaoinua mabeseni, wakata miwa wa Muhoroni na Chemelil, watu wa mjengo, na vijana wa boda walioanguka wakatanguliza mkono. Karibu wote hushika pale pale, nje ya mkono chini kidogo ya bega, na kusema, "Ni hapa." Nikikanda hapo utasikia raha mpaka jioni, kisha usiku ukilalia upande huo maumivu yanarudi, kwa sababu mara nyingi kinachouma hapo kimeanzia juu zaidi, ndani, mahali ambapo kidole changu hakifiki.

Bega limeumbwa kwa ajili ya kuzunguka, na uhuru huo una gharama yake. Kichwa cha mfupa wa mkono ni duara la upana wa sentimita 4 na nusu hivi, na kibakuli kinachokipokea kwenye kombe la bega ni kidogo kuliko hicho kichwa, tena hakina kina. Mfikirie mama aliyejitwika mtungi. Chini ya mtungi kuna ngata, na bega nalo lina ngata yake: mviringo wa gegedu laini unaozunguka ukingo wa kibakuli ili duara lisiteleze. Ila ngata peke yake haitoshi. Mikono inayoushika mtungi usianguke ni misuli minne inayotoka kwenye kombe la bega na kushikamana na kichwa cha mfupa kwa kano zake, mbele, juu na nyuma. Inayotusumbua zaidi ni ile ya juu, supraspinatasi. Kano yake ina unene wa milimita 5 au 6 hivi, nayo hupita chini ya paa la mfupa. Kwenye eksirei ya bega lisilo na tatizo, nafasi kati ya paa hilo na kichwa cha mfupa kwa kawaida ni milimita 7 hadi 14. Ikishuka chini ya 7, yaani isifike hata unene wa penseli, tunaanza kushuku kwamba kano imekatika na mfupa umepanda juu. Kano zenyewe eksirei haizionyeshi, kwa hiyo usije na picha ukaniambia "waliniambia niko sawa." Ni mifupa tu waliyoiona.

Sasa kupima kwenyewe. Tunatumia goniometa, rula mbili zilizoungana kama bawaba, tunasoma nyuzi. Bega zima hupandisha mkono mpaka karibu nyuzi 180, lakini kati ya hizo karibu 120 ni za kiungo chenyewe, na 60 ni za kombe la bega linaloteleza juu ya mbavu. Ndiyo maana tunakuomba uvue shati. Nisipoliona kombe lako likitembea, sijui ni nani kati ya wawili hao anayemfanyia mwenzake kazi. Na tunapima mabega yote mawili, kwa kuwa kipimo cha bega bovu nakilinganisha kwanza na bega lako lingine, halafu ndipo nakiangalia kitabu.

Kila mwendo tunaupima mara mbili: kwanza unauinua mkono mwenyewe, kisha unalegea nauinua mimi. Yule fundi wa rangi aliinua mkono wa kulia mwenyewe ukafika nyuzi 95, ukagoma. Nilipouinua mimi ukaenda hadi 165. Yaani mlango haukufungwa, ila anayeufungua amechoka au amejeruhiwa. Hapo nashuku kano.

Siku hiyo hiyo alikuwa amekuja mama mmoja muuza samaki, naye aliyeshindwa kuinua mkono. Nilimwomba akunje kiwiko na kukibana ubavuni, kisha apeleke kiganja nje. Bega zima lilifika 60, bovu likaishia 10. Nikamgeuza mimi, bado 10. Hilo ni bega lililoganda, jina alilolipa daktari Ernest Codman wa Boston mwaka 1934: kifuko kinachozunguka kiungo kimenenepa na kujikunja. Huwapata sana watu wa miaka 40 hadi 60, na wenye kisukari zaidi ya wengine. Nilimwomba apime sukari kabla ya kurudi kwangu, na akakuta iko juu. Bega la namna hiyo likiwa katika kipindi chake cha maumivu makali, ukilikanda na kulivuta kwa nguvu unalichokoza tu. Watu hawa wawili wangepata mafuta yale yale kama ningewasikiliza vidole vyao.

Niseme na kosa langu. Miaka ya mwanzo nilimwandikia mzee mmoja kwamba amepona kwa sababu mkono ulifika nyuzi 160. Baadaye nikagundua alikuwa akipinda mgongo kwa nyuma ili anifurahishe. Siku hizi tunapima mteja amelala chali, magoti yamekunjwa, na mgongo hauna pa kudanganyia.

Nikishuku kano, mwenzangu wa altrasaundi huingia Jumanne na Ijumaa. Atakuambia uweke kiganja kwenye mfuko wa nyuma wa suruali, kama mtu anayechomoa pochi, kwa sababu mkono ukikaa hivyo kano hutoka chini ya paa lake na kuonekana. Usishangae akirudia sehemu moja mara tatu. Nyuzinyuzi za kano zimepangwa kama katani. Mawimbi ya sauti ya mashine yakizipiga wima hurudi na kano huonekana nyeupe, lakini kile kichwa cha mashine kikiinama kidogo tu, sehemu hiyo inageuka nyeusi na unaweza kuapa kuna tundu. Akikinyoosha na weusi ukatoweka, hapakuwa na tundu. Usipotoweka, anapima upana. Chini ya sentimita 1 ni mchaniko mdogo, 1 hadi 3 wa kati, 3 hadi 5 mkubwa, na zaidi ya 5 ni mkubwa mno. Wa fundi wetu ulikuwa milimita 9, kwa hiyo tunaanza na mazoezi. Mkubwa, hasa wa ghafla baada ya kuanguka, tunakuandikia barua siku hiyo hiyo umwone daktari wa mifupa, iwe pale Russia, yaani hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga hapa Kisumu, au kwingine unakopenda. Tena kuna wazee wenye tundu la kano wasiosikia maumivu yoyote, ndiyo maana picha peke yake hatuitibu.

Ukija, vaa fulana isiyobana. Mama aje na leso, pazia lipo. Kama umemeza dawa ya maumivu asubuhi hiyo, tuambie, kwa kuwa inabadilisha nyuzi tutakazosoma. Malipo ya siku ya kwanza yanajumuisha kupimwa tena baada ya wiki 6, kwa hiyo karatasi yako ya vipimo usiiache nyumbani.