Kompyuta Tunazo, Tunaomba Umeme wa Kuziendesha

Bwana Yesu asifiwe, ndugu, jamaa na marafiki wa usharika wetu hapa kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, mlio Isingiro, Mbarara, Kampala na mlio mbali zaidi.

Mwaka huu tumepewa zawadi ya kompyuta nane za kufundishia. Waliokuja kuziona waliuliza ziko wapi, maana kila moja inaenea kiganjani. Ni bodi ya Raspberry Pi 4 yenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 4, haina skrini wala kibodi, na mfumo wake wote unakaa kwenye kadi ndogo ya kumbukumbu (microSD) kama ile ya simu. Lakini ichomekee skrini, kibodi na kipanya, inakuwa kompyuta kamili ya mezani: LibreOffice ya kuandikia barua na kupigia hesabu, intaneti, hata Scratch ya kuwafundishia watoto programu. Mfumo wenyewe ni Raspberry Pi OS, programu huria ya kuendesha kompyuta ya ukoo wa Linux, na leseni yake hatulipii hata shilingi moja. Wazee waliosoma Kongo, ambao Kiingereza cha kwenye skrini kiliwatisha, tuliwageuzia menyu ziwe za Kifaransa. Kiswahili nacho hakijaachwa nyuma: tangu 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulishatoa OpenOffice, mzazi wa LibreOffice, kwa lugha yetu.

Kuweka mfumo hakukutusumbua. Tuliupakua mara moja, tukauandika kwenye kadi kwa laptopu ya mwalimu, na faili ile ile ikatosha kadi zote nane bila kula bando tena. Mwanafunzi akivuruga kitu, kadi inaandikwa upya na somo linaendelea.

Kilichotuangusha ni umeme. Bodi hii inataka volti 5 na ampea 3, yaani adapta ya wati 15. Sisi tulianza na chaja za simu, ambazo nyingi hazifiki hapo, na waya mwembamba hupunguza zaidi. Umeme ukishuka chini ya volti 4.63, alama ya radi hutokea pembeni mwa skrini. Tuliiona kila siku, tukaendelea kufundisha kwa sababu hatukujua maana yake. Kisha jioni moja sola ya kanisa, hiyo hiyo inayobeba vipaza sauti vya Jumapili, ikaisha katikati ya somo. Kompyuta ikizimika ghafla huku inaandika kwenye kadi, faili huweza kuharibika, na jioni ile kadi tatu ziliharibika. Kwenye moja kulikuwa na barua ya kuomba kazi ya dada mmoja, aliyoiandika wiki mbili kwa kidole kimoja. Alilia mbele yangu. Mimi ndiye ninayefundisha darasa lile, na tangu siku hiyo nimesimamisha masomo hadi tupate umeme wa kuaminika.

Kwa bei tulizopewa madukani Mbarara, adapta nane za wati 15 ni shilingi 480,000, kadi nane za GB 32 ni 320,000, skrini tano zilizotumika ni 1,000,000, na betri ya sola ya volti 12, ampea-saa 200, ni 1,400,000. Jumla ni 3,200,000. Akina mama wa usharika wameshachanga 700,000 kutoka kwenye kikundi chao cha akiba, Mungu awabariki. Tunawaomba ninyi mtusaidie 2,500,000 iliyobaki. Betri ndiyo ya kwanza kununuliwa, kwa sababu bila hiyo hata kadi mpya zitakufa kama zile tatu.

Asiye na fedha atazame nyumbani. Televisheni yenye tundu la HDMI inatufaa kama skrini, hata kama sauti yake imekufa. Skrini ya zamani yenye tundu la VGA peke yake pia tutaipokea, ila kibadilishio chake tutakitafuta sisi.

Harambee ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu, baada ya ibada ya pili. Michango ya kabla ya hapo apewe mhazini wa usharika, naye ataandika risiti. Jumamosi ya kuamkia harambee, kuanzia saa nane mchana, kompyuta mbili zitawashwa ukumbini kwa adapta tulizoazima. Njoo na mwanao, akae aandike jina lake.