Mjomba, usiupasue kwanza

Shikamoo mjomba.

Nimesikia wabanika samaki wameshakuja kuuangalia mtumbwi wa babu, wakiuhesabia kuni, na wewe umekubali nusunusu. Naandika hapa hadharani kwa sababu kwenye simu utanikatiza, na kwa sababu kuanzia Igombe mpaka huko kwenu Ukerewe, Ziwa Victoria, mitumbwi ya namna hiyo imelala mchangani, wenyewe hawajui waifanyeje.

Hoja yako kubwa ni kwamba ukiinama chini yake unaona jua likipenya kati ya mbao. Hilo lisikutishe. Mbao zilizokaa juani husinyaa. Mtumbwi huo ukiushusha kwenye kina kifupi ukauacha ujae maji siku kadhaa, mbao zitakunywa, zitavimba, na maungio mengi yatajibana yenyewe. Yatakayobaki wazi ni kazi ya pamba na nyundo ya kukalafati, yaani kuyaziba kwa kuyashindilia pamba.

Kinachoua mtumbwi wa ziwani ni kingine. Pwani wana mdudu anayetoboa mbao ndani ya maji ya chumvi; sisi hatuna. Sisi tuna maji ya mvua yanayotuama ndani, chini ya mataruma, zile mbavu za mtumbwi, pale mkono haufiki. Chumvi ingezuia ukungu kidogo, lakini maji baridi hayazuii chochote. Kwa hiyo anzia humo. Chukua kisu chenye ncha, chomeka kwenye mkuku, ule uti wa mgongo wa mtumbwi ulio chini kabisa, toka mbele hadi nyuma, hasa pale kila taruma linapokutana nao. Ubao mzima hukataa kisu. Uliooza hukipokea kama ugali wa moto. Gonga pia kwa nyundo na usikilize: mlio mkavu ni mzuri, mlio mzito uliokufa ni wa kutilia shaka. Rangi usiiamini, hasa ile uliyopaka mwaka ule wa uchaguzi kwa ajili ya kupendezesha tu.

Kisha geukia misumari. Ukiona wekundu umetambaa kuzunguka kichwa cha msumari, kutu imeshakula mbao za jirani, na msumari mpya kwenye tundu lile lile hautashika. Kagua na ubao wa nyuma unaobeba injini, kwa kuwa mtikisiko huwa unalegeza pale kabla ya pengine popote.

Msimamo wangu ni huu: mbao za ubavuni zote zikiwa mbovu, mtumbwi bado ni wa kuokoa, maana mbao hubadilishwa. Mataruma mawili matatu, vilevile. Mkuku ukiwa umeoza, hapo fundi atakuwa anajenga mtumbwi mpya ndani ya jina la zamani, na wewe utalipa mara mbili.

Utaniambia habari za ile meli ya MV Victoria. Najua unavyoipenda. Iliundwa Scotland, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwaka 1961. Ilipokwama watu walidhani imekwisha, lakini mwaka 2020 ikarudi na injini mpya, ikaendelea na safari za Bukoba. Sawa, ila angalia kilichobaki na kilichobadilishwa: bodi lilibaki. Ndicho ninachokuambia kuhusu mkuku.

Jambo la babu silipuuzi. Lakini kama unautaka kwa kumbukumbu tu, na hakuna kijana hapo nyumbani atakayeuingiza ziwani, basi ng'oa ubao mmoja wa mbele wenye jina, utundike ukutani, mengine waachie. Kuutengeneza halafu kuurudisha juani ni kuuozesha upya kwa gharama.

Subiri mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wakiwa wamepumzika, maana mafundi hupatikana kirahisi wakati huo. Nauli ya fundi kutoka Kirumba nitalipa mimi. Wa kuni waambie wangoje mpaka aseme neno lake. Na kisu kitafute chembamba, mjomba, usije ukaanza na panga.