Mwanaidi, hiyo ya kung'arisha sikuletei

Seoul, 9 Februari

Shoga yangu Mwanaidi,

Assalaam aleikum, na salamu tele kutoka kwenye baridi. Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa kwenye treni, mara ya pili nimekaa kitandani, ile picha ya shavu lako nimeikuza mpaka naliona kila ganda. Unasema hata maji ya kunawia yanakuwasha kama umepakwa pilipili, na kwamba tangu uache ule mkorogo wa kung'arisha wiki tatu zilizopita uso unabanduka, mwekundu huku, mweusi kule kwenye mifupa ya mashavu, na unaniomba nikutafutie dawa za huku, zako na za Zuhura na mama. Nimeumia, mwenzangu. Wala sikulaumu, maana nakumbuka ulivyoanza. Ilikuwa msimu wa harusi, kila mtu anapaka, na yule muuzaji alikuapia kwamba ni mitishamba mitupu.

Jumamosi nilikwenda Jongno 5-ga. Ni mtaa wa famasi tupu, zimepangana kando ya barabara karibu na soko la Gwangjang, kila moja na bango lenye neno yak, yaani dawa. Wenyeji hukimbilia huko kwa sababu kila famasi hujipangia bei, na pale kwa kawaida ni nafuu kuliko za mitaani kwetu. Niliingia ya mzee mmoja mwenye miwani inayoning'inia kifuani. Nikamwonyesha picha yako (nisamehe, ilibidi), nikamwambia ninataka Madecassol, ile uliyosikia kwamba inarudisha ngozi.

Akatoa maboksi matatu, akayapanga kwenye kioo cha kaunta. Mwanaidi, yote matatu yameandikwa Madecassol! Yote ya kampuni moja, Dongkook, inayouza dawa hiyo hapa tangu 1970. Akaweka kidole kwenye la kwanza: ndani ni dondoo la mmea peke yake, asilimia 1. La pili, linaloitwa Care, lina mmea uleule pamoja na niomaisini, ambayo ni antibiotiki. La tatu lina mmea, niomaisini, na juu yake haidrokotisoni. Hapo akanitazama, akalichukua lile la tatu akalirudisha kwenye droo, akalifunga. Haidrokotisoni ni steroidi, dawa ya kuzima uvimbe na muwasho. Aliniambia kwamba ngozi iliyokaa imepakwa krimu ya kung'arisha kwa muda mrefu, halafu ikiachishwa inawaka hivi, inaelekea ile krimu ilikuwa na steroidi kali. Ukiipaka nyingine juu yake utapoa siku mbili, halafu utakuwa umerudi palepale ulipotoka. Mtu asiyesoma maandishi madogo angekuletea boksi lile kwa mapenzi kabisa.

Hata la pili sikulichukua. Niomaisini ni ya kidonda kilichochubuka, si ya kupaka uso mzima, na watu wengi huwasumbua kwa mzio. Wewe ngozi yako sasa hivi haihitaji ugomvi mwingine.

Huo mmea wenyewe ungeupenda. Unaota majimaji, unatambaa, majani yake ya mviringo yamekatwa kidogo kama figo. Wakorea wanauita byeongpul, na wengine huuita majani ya chui milia, kwa hadithi kwamba chui milia aliyejeruhiwa hujigaragaza humo mpaka apone. Lakini jina la dawa halikutoka huku, limetoka Bukini, yaani Madagaska, jirani zetu kabisa, maana mmea unaota kule na huvunwa kwa ajili ya dawa. Nilipoyasikia haya nikawaza jahazi za babu zetu, na mimi nimekuja mpaka Seoul kununua majani ya Bukini kwenye tyubu.

Basi kwa ajili yako nilichukua nini? Yule mzee alinieleza hivi, na nimeona ni kweli kwenye miguu yangu mwenyewe. Seli za juu za ngozi ni kama matofali, na katikati yake kuna mafuta yanayoyashika kama udongo wa ukuta: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Wewe udongo umemomonyoka. Ndiyo maana maji yanatoka ndani na kila kitu cha nje kinaingia na kuwasha. Dondoo la mmea hutuliza na kusaidia kidonda kufunga, ila ukuta kwanza unataka udongo. Hapo ndipo zinapoingia krimu za seramidi. Kuna Zeroid ya Neopharm, ambayo madaktari wa ngozi wa hapa huwaandikia sana wagonjwa wao, na kuna Atobarrier 365 ya Aestura. Nimekuchagulia hii ya pili kwa sababu naitumia mwenyewe tangu kipupwe changu cha kwanza, wakati nyumba inapashwa joto kutoka chini ya sakafu na hewa inakauka, mpaka miguu yangu ikapasuka kama tope la bwawa.

Ukiifungua utaona ndani ya weupe kuna vidonge vidogo sana, kama chembe za tui lililoanza kukatika. Usidhani imeharibika. Hizo ndizo zimebeba seramidi. Unaziponda kwa ncha ya kidole zikayeyuka. Paka uso ukiwa bado na unyevu, usiukaushe kwa taulo mpaka ukakamaa. Asubuhi na usiku, basi. Na nakuomba sana, usiianze usoni. Paka nyuma ya sikio siku tatu nne, uone. Kwa siku hizi hakuna skrabu, hakuna limau, hakuna manjano, hakuna sabuni ya kipande. Najua bibi yako atakuletea liwa. Mbusu mkono, uiweke kabatini.

Zuhura habari yake nyingine. Ngozi yake inatoa mafuta, na Tanga wakati wa kaskazi hata mimi nilikuwa nang'aa kama sambusa. Marhamu nzito ya tyubu akipaka atalala na uso unaoteleza, chunusi ziongezeke. Vilevile asidanganyike na Madeca Cream. Hiyo inatoka kwa haohao Dongkook, ilianza kuuzwa 2015, ina dondoo la mmea uleule, lakini ni kipodozi na si dawa, haina antibiotiki wala steroidi. Ni nzuri kwa ngozi kavu au ya kawaida, na mwenzangu wa chumbani, ambaye uso wake haukauki wala hauloi, anaipenda. Kwa Zuhura ni nzito. Famasi walinipa Noscarna, jeli nyepesi ya Dong-A yenye heparini, alantoini na dekspanthenoli. Ni ya alama na makovu yanayobaki chunusi ikishapona, si ya chunusi yenyewe, kwa hiyo asiipake juu ya kichwa cha usaha. Na madoa yake hayatafifia kama anatembea juani bila kinga. Nimemwekea losheni ya jua, nyepesi, haiachi uso mweupe kama mtu aliyepakwa unga wa muhogo. Hiyo nawe utapaka, ila ngozi ikishaacha kuwaka.

Kuna na krimu ya PDRN, wanayoiulizia sana wageni siku hizi. Inatengenezwa kwa vinasaba vya samaki, samoni na jamaa zake. Famasi wanayo moja inaitwa Rejuvenex. Sikuinunua.

Kwa mama nilisita. Miguu yake kavu na ile nyufa ya kisigino, nilifikiria Bepanthen yenye dekspanthenoli asilimia 5. Inauzwa huku, ila ni ya Bayer, Wajerumani, na kwa miguu mizima tyubu haimalizi wiki. Nimemtia tyubu moja ya nyufa tu. Miguu iliyobaki, apake mafuta ya mgando akitoka kuoga, maji hayajakauka. Hakuna krimu ya Seoul itakayomfanyia zaidi ya hapo.

Sasa ile uliyoandika mwishoni, kwa wino mwepesi kama vile hutaki niione. Melatoning. Nimeiona, ipo famasi, inauzwa kama dawa, na ndani ina haidrokwinoni asilimia 2, dawa ya kung'arisha ngozi. Hiyo hiyo ambayo kwetu imepigwa marufuku kwenye vipodozi. Sikuletei, Mwanaidi. Hata ukininunia mwaka. Weusi ulio kwenye mifupa ya mashavu umeletwa na kuchokozwa, na ngozi iliyochokozwa ukiichokoza tena inajibu kwa weusi zaidi. Nakujua tangu tunakwenda chuoni na juzuu zetu kichwani, na hakuna siku niliyoutazama uso wako nikaona umepungukiwa rangi.

Na hizi tyubu si daktari. Kama umepaka steroidi kwa miaka miwili kama ulivyosema, mtu lazima akuangalie. Moshi, pale hospitali ya KCMC, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza 1992, madaktari wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika wamesomea pale. Panda basi la asubuhi. Beba na kopo la mkorogo wenyewe, hata kama limebaki tupu, walione. Nauli nimeiweka kwenye bahasha ndogo ndani ya mzigo, usimwambie mama.

Mzigo utakuja na kijana wa Pongwe anayemaliza masomo mwezi huu, atakupigia akifika Dar. Tyubu yako ndiyo nimeifunga kwa leso ya bluu. Ukianza kupaka nipigie picha kila Ijumaa, asubuhi, mlangoni penye mwanga, bila zile programu za kulainisha uso. Nataka nimwone yeye yule.

Msalimie mama na Zuhura, na bibi.

Wako,
Rehema