Ratiba ya safari za Bagamoyo iulize bahari kwanza

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuseme jambo moja kuhusu safari za siku moja za gari binafsi na mwongozaji, zile zinazouzwa hapa mjini kwa jina la "safari ya barabara ya pwani" kutoka Dar es Salaam hadi Bagamoyo. Wateja wanaporudi wananung'unika, lawama huangushiwa dereva au AC ya gari. Mara nyingi kosa lilishafanyika ofisini, kwenye karatasi ya ratiba. Karatasi hiyohiyo hupewa mgeni anayekuja mwezi ukiandama na anayekuja mwezi ukiwa nusu, ilhali kujaa na kupwa kwa bahari hufuata mwezi: kuondoka saa 2, magofu saa 4, ufukweni saa 6, chakula saa 7. Bahari haikuulizwa.

Tuanze na barabara yenyewe, maana nayo inauzwa kwa maneno matamu kuliko ilivyo. Kutoka Mwenge hadi Bagamoyo abiria haoni bahari. Lami imepita bara kidogo, na kati yake na maji kuna nyumba, viwanda, mashamba na mikoko. Aliyeahidiwa kutembea kandokando ya Bahari ya Hindi anapita Tegeta, Boko, Bunju, anauliza bahari iko wapi, na mwongozaji anabaki na jibu la "mbele kidogo". Bahari inayoonekana ukiwa umekaa garini ni ya hapa mjini: Barabara ya Barack Obama, Daraja la Tanzanite lililofunguliwa Machi 2022, halafu Coco Beach. Anayemchukua mgeni hoteli za Posta ampitishe huko, ampe bahari mapema, kisha amwambie wazi kwamba kuanzia Mwenge watakuwa nchi kavu mpaka watakapokata kulia kwenda kijiji cha Mlingotini. Darajani hakuna kusimama kupiga picha. Na mkikaribia kambi ya jeshi ya Lugalo simu na kamera zishushwe. Liseme hilo kabla hamjafika, kwa sababu mgeni hajui, na anayepata taabu ni dereva.

Sasa maji. Pwani ya Bagamoyo ni ya kina kifupi na imelala kama sinia. Ndiyo maana meli kubwa hazikuweza kusogea, na ni moja ya sababu za Wajerumani kuhamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891, penye bandari ya kina. Siku za bamvua, yaani za maji makubwa, tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na kwenye pwani tambarare mita 3 za kimo ni mwendo mrefu wa mchanga mtupu. Siku za maji mafu, yaani maji yasiyojaa wala kupwa sana, tofauti hushuka hadi karibu mita 1, na ufukwe haubadiliki sana. Mgeni aliyeonyeshwa picha ya majahazi yanayoelea, akafika bahari imekwenda zake, ataona mashua zimelala ubavu kwenye tope na atadhani ameibiwa.

Hesabu yake haihitaji mtaalamu. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu. Kwenye pwani yetu, siku hizo maji hukupwa kwenye saa 4 asubuhi na kujaa kwenye saa 10 jioni. Kila siku inayofuata yanachelewa karibu dakika 50. Kwa hiyo siku ya nne ya mwezi kupwa kumesogea hadi kama saa 6 na nusu mchana. Ikifika siku ya saba au ya nane mambo yamegeuka: saa 4 asubuhi maji yamejaa, saa 10 jioni yamekupwa, na hayo ni maji mafu. Jedwali la maji linapatikana kwenye simu. Lakini hata asiye na jedwali, mwenye kalenda ya Kiislamu ukutani anaweza kupanga safari ya wiki ijayo asikosee sana.

Siku ya bamvua ondokeni mjini saa 12:30 asubuhi. Posta hadi Bagamoyo ni kilomita zisizozidi 70, lakini msiende Bagamoyo mjini moja kwa moja. Kateni kulia kwenda Mlingotini, mfike kabla ya saa 4 wakati maji bado yanashuka. Hapo ndipo wakulima wa mwani, wengi wao akina mama, wanapoingia shambani, kwa sababu shamba lao liko chini ya bahari na hufunguka kwa saa chache tu. Kuna vigingi viwili na kamba iliyovutwa kati yake. Juu ya kamba vipande vya mwani, kila kimoja kama ngumi ya mtoto, vimefungwa kwa vikamba vidogo viitwavyo tai-tai, kimoja kwa kingine shibiri moja. Vikikaa kama siku 45 vinakuwa vichaka vya kuvunwa. Mgeni atembee nje ya mistari, asivute kamba kuona kilicho chini yake, na avae viatu vya mpira visivyotoka mguuni kwa urahisi, kwa ajili ya miba na makome yaliyovunjika. Picha baadaye. Kwanza mwongozaji aingie peke yake, "Shikamoo mama, nina wageni wawili, tunaomba ruhusa tuwatembelee," na pesa ya kikundi chao ikubaliwe hapohapo, kabla ya mtu kutoa kamera. Tumeona ratiba zinazoleta wageni Mlingotini saa 9 alasiri siku ya bamvua, wakaonyeshwa maji matupu na kuambiwa mwani uko chini yake.

Kutoka hapo magofu ya Kaole yako karibu. Msikiti wake wa kale ni wa karne ya 13, na makaburi yanayohesabika ni 22, mengine ya nguzo, ambayo zamani yalipambwa kwa bakuli za kauri za China. Mwongozaji mzuri atawageuza wageni waipe migongo misikiti, waangalie upande wa bahari: wataona mikoko. Palikuwa bandari, matope yakajaa, bahari ikajitenga, biashara ikahamia Bagamoyo. Ukilieleza hilo baada ya mgeni kuona maji yakikupwa asubuhi kule Mlingotini, haulielezi mara mbili. Saa moja inatosha Kaole. Anayewapitisha kwanza kwenye magofu ya Kunduchi, halafu Kaole, siku moja, anawachosha kwa mawe, achague moja.

Mchana, jua likiwa kichwani, ni wakati wa kuwa ndani: makumbusho ya Misheni ya Roho Mtakatifu, chini ya miembe, kisha chakula. Mji Mkongwe wa Bagamoyo uje baadaye, na ufukwe wa majahazi uwe wa mwisho, kati ya saa 9 na saa 10, maji yakiwa yanapanda na vyombo vikianza kuinuka mchangani. Kuna sababu ya pili. Pwani yetu inatazama mashariki. Asubuhi unapiga picha ya bahari ukiwa umekabili jua, na watu wote wanatoka weusi. Alasiri jua liko mgongoni, tanga linaonekana tanga. Mnada wa samaki una wenyewe na una haraka yake, mgeni asimame pembeni, asikae kati ya mnadi na ndoo.

Siku ya maji mafu pindueni. Mwani uondoeni kwenye ratiba na muuze safari bila huo, msidanganye. Ufukwe na kuogelea viwe saa 4 asubuhi maji yakiwa yamejaa, magofu na mji mchana na alasiri. Na katikati ya masika, Aprili hasa, njia za mchanga na udongo zinazoshuka vijijini hugeuka tope. Noah itakwama mahali ambapo Januari ilipita bila taabu. Tena dereva asishushe gari ufukweni hata mteja akibembeleza. Mchanga uliolowa unaonekana mgumu mpaka gurudumu la pili linapozama, na maji yanayokuja hayasubiri mtu atafute trekta. Chumvi nayo hula bodi kutoka chini kimyakimya. Gari lililokwenda pwani lioshwe uvunguni kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyohiyo.

Kuhusu maelezo ya historia, hapa waongozaji wenzetu watatuwia radhi. Livingstone hakufia Bagamoyo. Alifia kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo, Mei 1873, na Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili wake kwa miezi hadi ukafika misheni ya Bagamoyo Februari 1874. Kwa mgeni Mwafrika au Mzungu, habari ya wabebaji ni nzito kuliko ya mbebwa, isikatwe. Abushiri naye, aliyeongoza vita dhidi ya Wajerumani, hakunyongwa Bagamoyo, hata kama mti au nguzo inaonyeshwa. Alinyongwa Pangani, Desemba 1889. Na jina la mji lina maelezo mawili, wapagazi kubwaga mzigo na moyo kutulia, au mateka kuuacha moyo wao pwani kabla ya kuvushwa. Yatolewe yote mawili. Mwongozaji anayechagua la pili peke yake kwa sababu linaliza watu anaigiza.

Bei. Safari binafsi huuzwa kwa gari, si kwa kichwa, na karatasi iseme waziwazi ndani yake mna nini: gari na mafuta, dereva, mwongozaji, viingilio, maji ya kunywa, chakula. Pamoja na kukata vijijini mzunguko mzima ni kama kilomita 170. Alphard yenye AC inayowaka hula lita moja kwa kilomita 8 au 9, kwa hiyo ni lita 20; wekeni 25 kwa sababu ya foleni. Viingilio vya mambo ya kale hutofautiana kati ya raia na mgeni wa nje, na maeneo ya Serikali hulipiwa kwa namba ya malipo, hivyo simu ya mwongozaji iwe na salio na chaji. Ugomvi mkubwa hutokea pale mwenyeji wa mji anapoungana na msafara kueleza habari za mitaa yake, mgeni akadhani amelipiwa, kumbe ofisi ya mjini haikumweka kwenye hesabu. Mtu amefanya kazi saa mbili juani. Awemo kwenye bei tangu mwanzo.

Mteja naye ana haki ya kuuliza kabla ya kutoa pesa: ofisi ina leseni ya biashara ya utalii, iitwayo TALA? Gari limesajiliwa kubeba abiria kwa kukodiwa na lina kibali cha LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini? Bima yake inagusa abiria wa kulipia? Dereva ana leseni ya daraja C, ya kubeba abiria? Gari la nyumbani la kuazima huwa rahisi mpaka likamatwe. Baada ya Tegeta barabara ni ya njia moja kwenda na moja kurudi, imejaa malori na bodaboda, na kwenye makazi mwendo ni kilomita 50 kwa saa. Trafiki wana tochi za kupima mwendo. Anayetaka kufidia muda aliopoteza asubuhi ataulipia Mapinga au Kerege.

Siku ya kwenda ni bora iwe ya kazi. Asubuhi magari yanaingia mjini wakati nyie mnatoka, jioni yanatoka wakati nyie mnaingia, kwa hiyo mnapishana na foleni kubwa mara zote mbili, mkiacha mafundo ya Mwenge na Morocco. Jumapili jioni ni kinyume: waliokwenda ufukweni, harusini na mashambani wanarudi pamoja nanyi. Ijumaa ina jambo lake, kuanzia saa 6 na nusu mchana mji wa Bagamoyo unakwenda msikitini, basi muda huo wekeni chakula.

Kwa ofisi zinazouza safari hizi, ombi letu ni mstari mmoja juu ya ratiba, unaoandikwa upya kila siku: leo maji yanakupwa saa ngapi, yanajaa saa ngapi. Kwa halmashauri, tunaomba choo safi chenye maji karibu na ufukwe wa majahazi, na kibao kwenye kila njia panda ya lami inayoshuka pwani. Kwa sasa wageni tunawasimamisha kwenye vituo vya mafuta kabla ya kuingia mjini, na kwa wazee na watoto kituo cha mafuta ni mbali sana na jahazi.

Ni sisi,
Waongozaji na madereva wa safari za siku moja,
Dar es Salaam.