Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wazalishaji wa Mbegu za Mpunga

Ndugu wanachama,

Shughuli za kawaida mnazijua, sitawachosha: mashamba ya mbegu yamekaguliwa, mafunzo ya kung'oa mimea mchanganyiko yamefanyika mara mbili, kamati imekaa vikao vinne. Aibu ni mahudhurio. Siku ya kujifunza kupima chavua kwa hadubini walifika 11 kati ya wanachama 46, na waliosema sana baadaye hawakuwamo.

Naingia kwenye lililozua maneno, yaani kamati kukataa kuagiza mstari tasa wa mbegu chotara, yaani mpunga wa kuwa mama wa chotara kwa sababu chavua yake (vumbi la kiume la ua) haizai, na utasa wake unategemea unyevu wa hewa, na fedha hizo kununulia hadubini. Pendekezo la kukataa lilikuwa langu, sijifichi.

Waliopinga wanasema mstari huo ni rahisi: hewa ikiwa kavu unageuka jike, unazaa kwa chavua ya mpunga mwingine tu, hewa ikiwa na unyevu unajizalishia mbegu wenyewe. Ni kweli. Lakini tuangalie utasa wake unatoka wapi. Jeni iliyoharibika ni OsOSC12, inayohusika na kutengeneza triterpeni, kemikali ya jamii ya mafuta. Ikikosekana, asidi za mafuta zenye kaboni 16 na 18 hupungua kwenye vazi la nje la chavua. Chembe ya chavua inatua kwenye stigma, sehemu ya ua inayopokea chavua, ikiwa hai, kisha inapoteza maji na kunywea kabla ya kuchipua. Unyevu ukiwa chini ya asilimia 60, mapepe matupu. Ukipita 80, punje zinajaa kama kawaida. Sasa sisi wa bonde la Kilombero mpunga wetu unachanua lini? Masika, maji juu na maji chini. Mstari huo ungejichavusha wenyewe, nasi tungeuza mchanganyiko kwa bei ya chotara.

Mwanachama mmoja alidai kupima chavua kwa ayodini, dawa inayotia wanga weusi, kungetuonya mapema. Isingetuonya. Ayodini inaonyesha wanga ulio ndani ya chembe, haioni mafuta yaliyo nje. Waliokuja siku ile waliona: unachukua maua sita ya juu ya suke asubuhi kabla hayajafunguka, unapasua vichavulio (vifuko vya chavua) kwenye tone la ayodini na potasiamu ayodidi la asilimia 1, unaondoa takataka kwa kibano, unafunika, unahesabu kwa ukuzaji wa mara 100. Chembe nzima ni duara na nyeusi kama mbegu ya mchicha. Iliyokufa ni njano, imekunjamana. Mstari wa OsOSC12 ungekuonyesha weusi mtupu, nawe ukaondoka umeridhika.

Ayodini inafaa kwa utasa wa mapema, unaotokea chavua ikiwa bado inajengwa, kama wa jeni ya OsGPAT3. Jeni hiyo inaanzisha ujenzi wa lipidi (mafuta) za utando wa seli; ikiharibika, tapetamu, tabaka la ndani ya kichavulio linalolisha chavua, haifi kwa wakati wake, ukuta wa chembe haujengeki, na kichavulio kinabaki kidogo, kimepauka. Huo hata jicho tupu linauona. Jeni ya CYP704B2 nayo ni hivyo hivyo: bila kimeng'enya chake asidi za mafuta hazigeuzwi kuwa malighafi ya ukuta, na chavua inakufa.

Kipimo cha kuaminika ni bahasha. Funika suke kabla halijachanua, chavua ya nje isiingie, andika unyevu wa hewa kila siku kati ya saa 3 asubuhi na saa 6 mchana, kisha hesabu punje. Bahasha iliyolowa mvua ibadilishwe siku hiyo hiyo, maana ndani yake unyevu unapanda na kipimo kinadanganya. Najua kazi hii inachosha. Ndiyo maana wengi mnapenda ayodini.

Fedha: ada iliyotarajiwa ni shilingi 920,000, zilizoingia ni 380,000. Hadubini, kipima unyevu, dawa na bahasha vimekula 1,150,000, sehemu kubwa ikiwa akiba ya miaka iliyopita. Wadaiwa ni 27, na wanne kati yao ndio walioandika barua ya kunilalamikia.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akijalia, kupata kibanda cha kupimia, na pengine mtaalamu wa kututembelea. Hadubini iko kwa katibu. Anayeihitaji aje na risiti ya ada.