Wamenyolewa bila maji: barua kwa Baba

Leicester, 8 Januari 2025

Kwa Baba,

Shikamoo, na Mama naye nampigia shikamoo. Mimi sijambo, ila baridi ya huku wiki hii haina adabu, na juzi mvua imenyesha mpaka mito ya vijiji vya jirani ikaingia majumbani mwa watu. Sisi tulio mjini tuko salama.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu nikitaja kriketi ya India tu unaanza kucheka na muda unakwisha. Najua kitinda mimba wetu ndiye atakayekusomea. Mdogo wangu, usikimbize maneno, na ukifika penye hesabu mpe Baba nafasi ya kuzirudia.

Ama baada ya salamu: India wamenyolewa Australia, Baba, tena bila maji. Mechi 5 za Test, zile za kriketi za siku tano, wameshinda 1, wametoka sare 1, wamepigwa 3. Lile kombe la Border na Gavaskar, wale manahodha wa zamani wa Australia na India, walilolikalia tangu 2017 limerudi Australia. Nami nimezikesha karibu zote. Unajua kazi yangu ni ya usiku, na Melbourne wanaanza kucheza saa tano na nusu za usiku wa huku, yaani nyinyi Mombasa mko usingizi wa saa nane na nusu.

Yule mzee ninayemhudumia nilishakueleza. Mhindi wa Mombasa, ametimiza miaka 80, aliondoka 1968 wakati Waingereza wanafunga mlango kwa Wahindi wa Kenya waliokuwa na pasi zao. Mji huu umejaa watu kama yeye, na wengine wa Uganda aliowafukuza Amin 1972. Barabara ya Belgrave nilishawahi kuuliza bei ya mihogo kwa Kiingereza nikajibiwa "hiyo ya jana, chukua hii". Mzee wangu Kiswahili chake kimesimama palepale alipokiacha. Simu anaita "simu ya upepo". Mimi ananiita "mtoto wa rola" tangu nilipomwambia baba yangu ndiye anayesukuma rola na kutengeneza pichi ya klabu, ule ukanda wa katikati unapochezewa mpira.

India yenyewe amekwenda mara 4 maishani. Lakini ikicheza India, dawa ya presha anaimeza bila kuulizwa.

Mwanzo ulikuwa mtamu mno. Perth, Novemba, India walitolewa wote kwa mikimbio 150, ndizo pointi zao, siku ya kwanza, tukasema basi. Kumbe Bumrah, mrushaji wa India, naye ana lake: wiketi 5, yaani kawatoa wapigaji 5, kwa mikimbio 30, Australia 104 chali. Kijana Jaiswal akapiga 161, Kohli akafikisha 100, wakashinda kwa mikimbio 295. Mzee alinituma barfi za kupeleka kwa majirani, hata kwa yule Mwingereza wa nyumba namba 9 asiyejua kriketi ni nini. Oktoba na Novemba hiyohiyo New Zealand walikuwa wamewapiga India 3–0 nyumbani kwao, na Bengaluru walikuwa wametolewa kwa 46. Yote yakasahauliwa kwa barfi.

Kisha Adelaide. Mpira wa kwanza wa mechi, Starc wa Australia kamtoa Jaiswal. Wa kwanza, Baba! Nilikuwa nachemsha chai, sikuona, nilisikia tu kijiko kimeanguka. Mechi ikaisha siku ya tatu. Brisbane ikaokolewa na mvua.

Ngoja nikupe habari ya Melbourne, kwa sababu hiyo ndiyo iliyowaua. Na kwanza hili, ambalo nilipolisikia nilikukumbuka wewe: pichi ya Melbourne haikui uwanjani. Huoteshwa nje, kwenye trei kubwa ya chuma, ikiiva inabebwa na mtambo na kutumbukizwa katikati ya uwanja. Mzee aliponieleza nikamwambia Baba akisikia atasema hiyo si pichi, hiyo ni sinia ya biriani.

Siku ya tatu kijana wa miaka 21, Nitish Kumar Reddy, anaingia namba 8 huku India wanaelekea kaburini. Akapiga mpaka 99. Hapo Bumrah akatoka bila mkimbio, akabaki Siraj, mpigaji wa mwisho, naye gongo kalishika kama mtu aliyeshikishwa mtoto wa mwenzake. Mipira 3 ya Cummins, nahodha wa Australia. Mzee aliushika mkono wangu, na kwa mara ya kwanza nikajua ana nguvu kiasi gani. Siraj akapona. Ova iliyofuata, yaani mipira 6 mingine, Reddy akaupiga mpira wa Boland wa Australia ukampa mikimbio minne, akapiga goti, akalisimamisha gongo na kulivika kofia yake ya chuma. Kamera ikamwonyesha baba yake jukwaani analia, yule aliyeacha kazi ili mtoto acheze. Mzee akaniomba leso. Nilimpa taulo.

Siku ya tano, alfajiri ya tarehe 30 Desemba huku kwetu, India walihitaji mikimbio 340 au angalau wasitolewe. Rohit Sharma, nahodha, 9. Kohli, 5. Jaiswal na Pant wakajifunga kibwebwe, wakala muda mchana mzima, chai ikafika wametoka 3 tu. Mtoto wa mzee aliyekuja kutazama pamoja nasi akaanza kuhesabu ova zilizobaki kwa vidole. Nikamwambia usihesabu, hesabu ni mkosi. Baada ya chai Pant akaupiga juu mpira wa Travis Head, yule wa mipira ya polepole asiyetisha mtu, ukaenda moja kwa moja mikononi mwa Marsh wa Australia. Sijaona nyumba ikinyamaza vile. Katika zamu ya kwanza Pant alikuwa ametoka kwa mpigo wa kujirusha chini, na Gavaskar, ambaye siku hizi ni mtangazaji, alimwita mjinga hewani, neno lilelile mara 3. Sasa mzee naye akalitamka kwa Kigujarati, nami sikuhitaji tafsiri.

India wakapoteza wiketi 7 kwa mikimbio 34. Hata Jaiswal, 84, alitolewa kwa marudio ya video: macho yanaona mpira umekengeuka, lakini kile kipimo cha sauti kimenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Mwamuzi akasema nje. Mpaka leo ukilitaja hilo hapa unaharibu chakula.

Sasa hasira, Baba. Nilidhani watawatukana Australia. Wapi! Wiki nzima wamewala watu wao wenyewe. Kinyozi wa kona ya kwetu ana wateja wa Rohit na wateja wa Kohli, na siku hizi ni kama wa vyama viwili wakati wa uchaguzi. Huyu anasema nahodha mwenye mikimbio 31 katika zamu 5 angekuwa kijana asiye na jina angesharudishwa kwa basi. Yule anasema Kohli tangu Perth ametoka kwa mtindo uleule, mpira wa nje ya kijiti, gongo linaufuata kama mbuzi anavyofuata jani, mara 8 zote kadakwa nyuma, na 4 kati ya hizo ni Boland. Wote wawili wanamkubali Bumrah, na wote wanamlaumu kocha Gambhir. Mjukuu wa mzee, wa kidato cha tatu, amezaliwa hapahapa na India hajaikanyaga, yeye anataka wakubwa wote wakacheze Ranji, kombe la ndani la India, kwanza na wavulana wa mikoani. Bibi yake akamjibu, "Wewe hata kitanda chako hutandiki."

Mimi katika kelele zote hizo nasikia kitu kingine. Hawakasiriki kwa kushindwa tu. Wanakasirika kwa kuwaona wazee wao wamezeeka mbele ya watu, watazamaji 373,000 na ushei waliopita mlangoni Melbourne kwa siku 5, rekodi ya uwanja ule. Kohli ana miaka 36. Rohit 37. Mzee anakumbuka walipokuwa vijana, kwa hiyo hesabu yao anaihesabia kwenye mwili wake.

Sydney Rohit akajiweka kando mwenyewe. Nahodha! Akasema gongo limekataa, ila hastaafu. Nusu ya mji ikasema huyo ndiye mwanaume, nusu ikasema angeaga kabisa. Bumrah akashika unahodha, na siku ya pili mgongo ukamkatalia. Alitoka uwanjani akapelekwa kupigwa picha hospitali. Ameshachukua wiketi 32, amerusha zaidi ya ova 150, wenzake wakichoka anaitwa yeye, mpira ukizeeka anaitwa yeye. Siku ya tatu Australia wanatafuta 162 tu, na yeye amekaa. Mzee aliangalia ile benchi kuliko uwanja. Akaniambia, "Punda mmoja, mkokoteni wote." Halafu akanyamaza. Ikaisha kabla hapajapambazuka, wiketi 6 mkononi mwa Australia. Kombe alilitoa Border peke yake. Gavaskar alikuwepo uwanjani na hakuitwa, na kombe lina jina lake. Hilo limewauma wazee wa hapa kuliko mikimbio.

Na mwana wa mzee wangu alikuwa amepanga kumpeleka uwanja wa Lord's, London, Juni, fainali ya dunia ya Test. India walicheza fainali mbili zilizopita, basi akahesabu na ya tatu ni yao. Sasa ni Australia na Afrika Kusini. Nimemuuliza mzee kama atakwenda hivyohivyo. Amesema atakwenda kuangalia nyasi.

Usiku ule wa Sydney ndipo aliponiuliza habari za Kombe la Dunia la 2003. Nikamwambia ninavyokumbuka: mimi darasa la tatu, wewe umesimama nje ya dirisha la klabu na mpira wa maji mkononi kwa sababu wafanyakazi hawakuruhusiwa varandani, runinga inaonekana nusu. Kenya na India, nusu fainali, Durban. Tendulkar 83, Ganguly 111 na hatoki. Kwetu Tikolo 56, wengine wote wakafuatana, tukaishia 179. Mwezi mmoja nyuma yake tulikuwa tumewapiga Sri Lanka Nairobi, Collins Obuya wiketi 5, na ulinibeba mabegani mpaka stendi. Siku ya Durban ulisahau kufunga maji. Upande ule wa pichi ukawa ziwa, nawe ukakatwa mshahara wa siku 3.

Mzee akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaniambia siku ile hapa Leicester nyumba nzima ilikuwa India, naye aliwaambia anaumwa kichwa, akapanda juu akasikiliza redioni, akaipenda Kenya peke yake mpaka Tikolo alipotoka. Hajawahi kumwambia mtu. Mkewe yuko chumba cha pili, kwa hiyo alinong'ona.

Aliniuliza sasa Kenya wako wapi. Nikamwambia ile hadhi ya mechi za kimataifa za ova 50 iliondoka 2014, na Test hatukuwahi kufika. Akauliza, "Na baba yako anatengenezea nani pichi?" Nikamwambia Jumapili wanakuja watu 15, siku nyingine 9. Akatikisa kichwa, lakini alikuwa anatabasamu, sijui kwa nini.

Hapo ndipo nafika kwenye jambo langu, na mdogo wangu soma taratibu. Mama ameniambia habari ya mgongo. Ameniambia kwamba Ijumaa ulikaa chini katikati ya uwanja karibu saa nzima na kusema unakagua nyufa. Baba, umri wako ni 66. Rola ile ilikuja na Waingereza na haijui huruma. Sikwambii uache pichi. Endelea kuibonyeza kwa dole gumba asubuhi, endelea kuchomeka ufunguo, endelea kugombana na wanaovaa viatu vya misumari kabla ya umande kukauka. Ninachosema ni rola tu. Umemsikia Bumrah, na yeye ana miaka 31 na madaktari wake wamejaa basi.

Nimetuma elfu 12 kwa M-Pesa ya Mama, sikutuma kwako kwa makusudi. Ni za kumlipa kijana wa kusukuma rola, miezi miwili ya mwanzo, wewe utembee kando yake na kupiga kelele. Si za mbolea. Si za mbegu za nyasi. Wala usimwambie Mama kwamba kijana amechukua zote halafu nikaona kwenye picha mpira mpya wa kumwagilia.

Mzee anakusalimu sana. Anauliza kama ule mwembe wa upande wa barabara bado unahesabiwa nne ukigongwa, au mlishaukata.

Ni mimi mwanao,
mtoto wa rola