Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Misako ya Mbweha wa Redio, Arusha

Ndugu wanachama, wazee walezi wa chama chetu cha redio za ridhaa, na vijana mliojiunga mwaka huu,

Katiba yetu inamtaka mwenyekiti atoe taarifa ya shughuli kabla Mweka Hazina hajasoma hesabu. Sehemu kubwa ya muda wangu nitaitumia kwenye misako, kwa sababu huko ndiko walikokuwa watu, huko ndiko yalikokuwa mabishano, na huko ndiko kuna jambo la kuamuliwa leo. Mengine yalikwenda kama miaka yote. Mawasiliano ya jioni yalifanyika umeme uliporuhusu. Wikiendi ya skauti hewani, mwezi Oktoba, tuliwaachia vijana maikrofoni wakaongea mpaka sauti zikakauka. Hayo Katibu ameyaandika vizuri kuliko ningeweza mimi.

Kwa wageni waliopo niseme kwa ufupi tunachofanya. Mwanachama mwenye leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, anaficha kijitambo cha kurusha mawimbi, chenye nguvu ndogo kuliko redio ya upepo ya mkononi, ndani ya kopo la plastiki lisiloingiza maji. Huyo ndiye mbweha. Analia kwa vipindi, na kila baada ya muda anataja kwa mosi (alama za Morse, za nukta na milio mirefu) alama ya wito ya mwenye leseni, inayoanza na 5H, kama kanuni za kimataifa zinavyotaka. Wengine wote wanamtafuta kwa antena, ramani na dira. Msakaji harushi chochote, anasikiliza tu, ndiyo maana tunawapokea hata wasio na leseni.

Mwaka tuliuanza kwa misako ya magari, kama tulivyozoea: dereva, msoma ramani, na mwenzao aliyetoa mkono dirishani ameshika antena. Katika msako wa kwanza mbweha alikuwa upande wa Usa River, mashariki. Waliopima wakiwa Njiro walipata kaskazini, wakaapa kwamba kijitambo kiko kwenye miteremko ya Meru, na kweli antena zao zilionyesha huko. Vilima vya katikati vilikuwa vimeziba njia ya moja kwa moja, na mlima wa mita 4,566 ukawarudishia mwangwi. Waliosimama tena mahali pa wazi, wakachora mistari mingine kwenye ramani, waliona mara moja kwamba ule mstari wa Njiro haukutani na wowote. Kwa kufundisha jambo hili, msako wa magari hauna mpinzani, nakubali.

Lakini barabara ya Moshi si uwanja wa michezo. Kuna malori, kuna daladala zinazosimama popote abiria anapopunga mkono, kuna bodaboda zinazochomoka kushoto, na dereva wetu naye jicho moja liko kwenye sindano ya redio inayoonyesha nguvu ya mawimbi. Hatukupata ajali, na sitaki tungoje tuipate ndipo tujadili. Halafu kuna mafuta. Mwanafunzi asiye na gari anakuwa abiria wa kiti cha nyuma, na kiti cha nyuma hakimfundishi mtu kusaka. Najua wapo wanachama wa siku nyingi ambao maneno haya hayatawafurahisha. Mzee wetu mmoja ameniambia tukinywa chai kwamba tukiacha magari tutakuwa kikundi cha matembezi. Shikamoo yake iko palepale, ndiye aliyenifundisha kushika antena. Kwenye hili bado nadhani amekosea.

Katikati ya mwaka tukahamia Duluti, kwa miguu. Wasiopafahamu, ni ziwa la kreta pale Tengeru, limezungukwa na msitu wa hifadhi, na njia ya miguu inalizunguka. Tuliomba ruhusa ya wasimamizi wa msitu na tukalipa kiingilio kama wageni wengine. Sidhani kama kuna darasa bora la mawimbi ya mita 2, yaani ya karibu megahezi 145 anayoliliamo mbweha wetu, mkoani kwetu. Ukiwa juu ukingoni, mbweha aliye chini karibu na maji anasikika hafifu kana kwamba yuko Himo. Shuka hatua chache, uvuke ukingo, na sindano inaruka. Ukifika chini mambo yanageuka: ukuta wa upande wa pili unarudisha mawimbi juu ya maji, na mtu anaweza kuona kwa macho yake kwamba mbweha yuko ng'ambo ilhali yuko mgongoni pake, nyuma ya mti aliouegemea kunywa maji. Baada ya mvua ni tabu zaidi, kwa sababu majani mabichi yaliyolowa yanakunywa na kutawanya mawimbi, na kila mmoja anapata jibu lake.

Hapo ndipo wengi walipoelewa kwa nini redio nzuri haitoshi. Mahali pa wazi, umbali ukipungua kwa nusu, nguvu inayopokelewa inapanda desibeli 6, yaani takriban hatua moja ya kipimo cha S, kile kipimo cha nguvu ya mawimbi kilichomo kwenye redio. Kutoka kilomita 2 hadi kilomita 1 ni hatua moja. Kutoka mita 20 hadi 10 ni hatua moja ileile. Ukiwa karibu, kipimo kimejaa tangu zamani na hakikuambii chochote, kwa hiyo kazi yote ya mwisho ni kuifanya redio isisikie vizuri. Wapo waliochomoa antena kabisa. Wapo waliohamisha redio kwenye mara tatu ya masafa: mbweha akilia kwenye megahezi 145.300, hubaki mabaki hafifu kwenye 435.900, na hayo husikika ukiwa karibu tu. Mwalimu wa fizikia aliyetuletea wanafunzi wake aliibana redio kifuani akazunguka polepole, mpaka sauti ilipokufa. Mwili ulikuwa umeziba mawimbi, kwa hiyo mbweha alikuwa nyuma yake. Hakutumia kifaa hata kimoja cha ziada.

Sasa niseme lililonikera. Katika msako uliofuata palepale, aliyeficha alimpandisha mbweha juu ya mti ulioinamia ziwa, akamfunga kitambaa cha rangi ya gome. Hakuna aliyempata. Aliyeficha alirudi anacheka, sisi tukarudi na kupe. Wenyeji wa mchezo huu tulimpongeza kwa werevu, mimi nikiwamo, lakini vijana waliokuja kwa mara ya kwanza siku ile sijawaona tena. Kwa maoni yangu kazi ya mfichaji inapimwa kwa idadi ya watu waliofika kwa mbweha, na msako usio na aliyefika ni msako ulioharibika. Kamati imeandika hivyo kwenye utaratibu mpya: mbweha afikiwe kwa mkono na mtu mzima aliyesimama chini, awe na kibendera cha rangi ya chungwa na nyeupe kama kwenye mashindano ya kimataifa, na mwenye macho mazuri akiwa hatua chache tu akione. Anayetaka kuficha kwa ukali aongeze mbweha wa pili kwa wakongwe, yule wa wageni abaki mwepesi.

Tukio la yule mbweha aliyekamatwa mnalijua, lakini naliweka kwenye kumbukumbu za mkutano. Tuliomba ruhusa ya serikali ya kijiji, mwenyekiti wa kijiji akapokea barua yetu na kuigonga muhuri. Mgambo wa zamu hakuwa amepata habari. Alikuta kopo lenye waya likilia vichakani, akafanya jambo ambalo mlinzi yeyote angelifanya: akawaita wenzake, wakalichukua mpaka ofisi ya kijiji. Mbweha hakunyamaza hata kidogo. Wasakaji wetu wakaona mistari yote inahama taratibu, wakadhani ni mwangwi, kisha ikatulia, ikakutana mahali pamoja. Waliofika kwanza walibisha hodi ofisini wakiwa wameinua antena, na walikaribishwa viti kabla ya kuulizwa maswali. Mwenyekiti wa kijiji alimaliza jambo lile kwa ustaarabu mkubwa, nasi tumemwandikia kumshukuru. Tangu siku hiyo barua inapelekwa na mtu, naye anaonana na mlinzi aliyeko zamu uso kwa uso. Kila kopo lina karatasi iliyofunikwa kwa plastiki, yenye jina la chama, namba ya simu ya Katibu na maneno makubwa kwa Kiswahili yanayoeleza ni kitu gani. Hatufichi karibu na shule wakati wa masomo, benki, nyumba za ibada, vituo vya polisi wala uwanja wa ndege wa Kisongo.

Semina ya kutengeneza antena ilijaa kuliko tulivyotazamia. Tulitumia mchoro unaojulikana duniani kote, wa futi ya chuma ya fundi na bomba la plastiki la maji: vipande vitatu, cha nyuma kirefu karibu sentimita 105, cha mbele karibu 89, na katikati ndicho kinachounganishwa na waya wa redio. Uzuri wake ni kwamba unapita nayo vichakani, inajikunja na kurudi yenyewe. Rangi ya futi isipokwanguliwa mpaka chuma king'ae, risasi ya kuunganishia waya haishiki, na wengi wenu mlilijua hilo usiku wa kuamkia msako. Nawakumbusha pia kwamba antena hii inaonyesha vizuri zaidi kwa nyuma kuliko kwa mbele. Mbele sauti ni nzito kwa upana mrefu. Nyuma kuna mahali pembamba inapofifia ghafla, na hapo ndipo pa kupimia ukikaribia. Mbweha wetu husimamisha waya wake wima, kwa hiyo vipande vya antena navyo viwe wima; anayevilaza anajipunguzia nguvu bure halafu analaumu redio ya Kichina.

Mji wetu una kundi lingine linalofanya kazi hii kwa mshahara. TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, iko hapahapa Arusha, na pale Manyara tembo walianza kuvishwa kola za redio mwishoni mwa miaka ya 1960. Mtafiti mmoja kijana aliyekuja kwenye semina alitueleza jinsi anavyomtafuta mnyama mwenye kola: anapanda juu ya gari, anazungusha antena, anaandika uelekeo, anahama. Tofauti ni kwamba mbweha wake ana miguu. Amekubali kutufundisha, nasi tutawafundisha wenzake kutengeneza antena ya futi. Rubani mmoja wa ndege ndogo naye ametuuliza kuhusu vijitambo vya dharura vilivyomo kwenye ndege. Satelaiti za uokoaji ziliacha kusikiliza masafa ya megahezi 121.5 tarehe 1 Februari 2009, na sasa zinasikiliza 406, lakini vijitambo vingi vya 406 bado vinalia pia kwa nguvu ndogo kwenye 121.5, ili watafutaji walio ardhini au angani wakaribie kwa antena. Sisemi kwamba sisi ni waokoaji. Wenye kazi hiyo wapo na wana amri zao. Nasema tu kwamba siku wakituita tuwasaidie kushika antena, tusiwe watu wa kuelekezwa upande gani ni mbele.

Nakuja kwenye maamuzi. Kamati inapendekeza msako wa magari ubaki mmoja kwa mwaka, na mshindi awe aliyetumia kilomita chache zaidi kwenye kipimo cha gari, saa isihesabiwe kabisa. Atakayekimbia atakuwa anajipunguzia nafasi mwenyewe. Misako mingine yote iwe ya miguu.

Pendekezo la pili lina gharama, nalo naliunga mkono kwa nguvu zote. Tutengeneze seti ya vijitambo vitano vya masafa ya megahezi 3.5, yaani mawimbi ya mita 80, kama inavyofanyika kwenye mashindano ya dunia ya mchezo huu, ambayo ya kwanza yalifanyika Poland mwaka 1980. Vyote vitano vinatumia masafa yaleyale na kupokezana, kila kimoja dakika moja, kisha zamu inaanza upya. Cha kwanza kinalia MOE, cha pili MOI, halafu MOS, MOH na MO5. Asiyejua mosi hana haja ya kuogopa: baada ya milio mirefu ya mwanzo anahesabu tu nukta, moja mpaka tano, na namba aliyoipata ndiyo ya mbweha. Mawimbi haya ya mita 80 hayasumbuliwi sana na kuta za kreta kama yale ya mita 2, ingawa nyaya za umeme na senyenge huweza kuyapotosha. Kipokezi chake kinatumia kijiti cha feraiti (kijiti cheusi cha sumaku kama kilichomo kwenye redio ndogo za AM) kama antena, na fundi mzuri anaweza kukitengeneza mezani kwake. Mweka Hazina atawaambia kilichopo mfukoni na kinachopungua. Mimi ningependa tuanze na vitatu kuliko kungoja fedha ya vitano.

Wasaidizi wa kuficha bado ni walewale wachache, na mfichaji hapati nafasi ya kusaka. Kila mwenye leseni aliye hai kichama ajiandikishe zamu moja. Katibu anapitisha karatasi sasa hivi, naomba isirudi mezani tupu.

Mwisho, antena za chama zilizoazimwa kwa msako wa Desemba hazijarudi zote. Zileteni kabla ya msako ujao. Majina yapo kwenye daftari, na Katibu ameniomba nisimlazimishe kuyasoma hadharani.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti